Wasomi wa Rindima na Njuga Zao

Sogeeni, na aliye na chungu jikoni akakishushe kabisa, maana hii ukiikosa mwanzo utanisumbua kwa maswali. Ni habari ya Mwajabu, mtafiti wa wadudu, na safari yake ya kwenda nchi ya Rindima kumtazama rafiki yake Leokadia. Kumtazama, nimesema. Mwenyewe angewaambia alikwenda kumsalimia, lakini tuachane na hayo.

Wawili hawa walisoma darasa moja, wakalala bweni moja, na wote walichagua mdudu mmoja: fukusi wa migomba, yule mweusi mwenye pua ndefu, ambaye watoto wake hutoboa kisiki chini ardhini mpaka mgomba unaanguka wenyewe na mkungu mchanga kichwani. Mwajabu alibaki shambani miaka mitatu akihesabu fukusi mmoja mmoja. Akaandika ripoti ya kurasa mia na kumi. Watu wanne waliisoma, mmoja wao mama yake mzazi, na mama hakufika mwisho. Leokadia yeye alikaa shambani mwaka mmoja tu, akaondoka, na tangu hapo kila mwezi kukawa na jipya lake. Leokadia kapewa kiti kwenye baraza la kilimo. Leokadia kaalikwa ng'ambo ya mto. Leokadia akipita, watu wanasimama. Mwajabu alizisikia zote akitabasamu, mpaka mashavu yakamuuma.

Kisha barua ikaja. "Shoga, njoo ujionee. Huku wasomi tunasikika."

Hilo neno "tunasikika" lilimkaa Mwajabu kooni siku tatu kama mwiba wa samaki. Ya nne alikuwa Rindima.

Getini alipokelewa na ofisa anayeitwa Mpima Mlio, bwana mmoja mwembamba, sikio la kulia kubwa kuliko la kushoto kwa sababu ya kazi.

"Ruka," akasema.

"Samahani?"

"Ruka mara tatu, dada, watu wanasubiri."

Mwajabu akaruka mara tatu. Kandambili zikapiga pa, pa, pa. Mpima Mlio akainamisha lile sikio kubwa, akasubiri, akaguna.

"Mbona hulii?"

"Mimi ni mtafiti, kaka. Nina ripoti ya kurasa mia na kumi."

"Inalia?"

"Hapana."

"Basi ibebe tu, haina ushuru." Akamgonga mhuri mkononi: KIMYA. "Utatembea upande wa kushoto wa barabara. Mtu akikuita 'wewe hapo,' itika."

Sasa msikie jinsi nchi ile inavyoendeshwa. Msomi wa Rindima havai joho siku ya mahafali peke yake. Analivaa kila siku, na kwenye joho lake kila mtu aliyependezwa na maneno yake anamfungia njuga, zile zile kengele ndogo za wacheza ngoma. Asubuhi wasomi wanapanda juu ya mawe ya uwanjani, mmoja jiwe moja. Mtu wa baraza anachota konzi ya mchanga na kuanza kuumwaga polepole kati ya vidole. Mchanga ukiisha, umekwisha sema, hata kama umebakiza neno moja. Aliyefurahi anakuja kukufunga njuga. Ambaye hakufurahi anakutupia ganda la ndizi, na maganda hayahesabiwi ingawa yanauma. Kazi ikitokea chuoni, waombaji wanaambiwa waruke, na anayelia zaidi anaipata. Na katika kitabu cha sheria, ukurasa wa kwanza kabisa, imeandikwa hivi: mtu asiye na njuga, hata akisema, haandikwi kuwa amesema.

Kuna wasomi wana njuga nyingi mpaka joho linawashinda, wanaliburuza kwa mkokoteni. Mwajabu alimwona mmoja aliyekuwa bingwa wa mambo ya nyota. Miaka sita hajatazama juu, shingo haigeuki kwa uzito.

Leokadia alisikika kabla hajaonekana. Alikunja kona ya uwanja na njuga elfu nne, mabega nyuma, kichwa juu, na watu wakampisha. Kumkumbatia ilikuwa kama kukumbatia kabati la vyombo.

"Mwaja wangu! Umekuja!"

"Nimekuja, Leo. Umekonda?"

Hakuwa amekonda. Alikuwa amependeza, na hilo ndilo lililouma. Mwajabu alimkagua kutoka kisogoni mpaka visiginoni akitafuta kasoro, akapata moja: joho limemchubua kidogo begani. Akaihifadhi moyoni, ikamfariji mpaka jioni.

Asubuhi yake alimsikiliza Leokadia juu ya jiwe. Na hapa niseme ukweli, maana hata Mwajabu aliukubali japo kwa kinyongo: yule binti anajua kusema. Kwa konzi moja ya mchanga alieleza fukusi anavyoisikia harufu ya mgomba uliokatwa, anavyotembea kuifuata na ile pua kama bibi harusi aliyeambiwa kuna pilau. Watu walicheka, na wakulima, waliokuwa wakipita na majembe, wakasimama. Ile habari kwenye ripoti ya Mwajabu inachukua kurasa kumi na moja na ina majedwali.

Lakini ule mfano wa pilau! Ule mfano ulikuwa wa Mwajabu. Aliusema yeye, bwenini, wakila mihogo ya kuchoma, mwaka wa pili. Na sasa watu sitini na watatu walikuwa wamejipanga kumfungia mwenziwe njuga kwa ajili yake. Ndiyo, alihesabu. Kuhesabu ndiyo kazi yake.

Walipokaa kula, hakuweza kujizuia.

"Kwa hiyo siku hizi unachekesha watu."

"Nawaeleza."

"Kwa konzi ya mchanga? Sayansi?"

"Mwaja, wewe umeandika kurasa mia na kumi. Mkulima gani amezisoma?"

"Haikuandikiwa wakulima."

"Iliandikiwa nani?"

Mwajabu akameza tonge. Leokadia akaendelea, naye hakuwa anasuta, alikuwa anashangaa kwa dhati. "Mimi kuna bwana ng'ambo ya mto alinisikia siku moja tu, akaniletea mbegu za migomba ambayo fukusi hawaipendi. Hatukuwa tunajuana. Kuna wanafunzi watano wamekuja kusoma kwangu kwa sababu ya lile jiwe. Unadhani wangenijua vipi? Kwa kuniota?"

"Na shambani unaenda saa ngapi?"

Njuga zikalia kidogo, maana Leokadia alikuwa amejigeuza kwenye kiti. "Naenda," akasema. "Nilienda juzi kuhakiki chumvi."

Chumvi ndiyo iliyokuwa gumzo la Rindima. Bwana mmoja aitwaye Ngurumo, ambaye hakusomea chochote ila ana njuga elfu kumi na moja na anacheza vizuri, alikuwa amepanda jiwe akasema maneno manne: "Mwagia chumvi, fukusi kwisha." Mchanga ukabaki konzi nusu, akautumia kucheza. Wasomi wakubwa wa nchi wakaenda kwenye shamba la majaribio, wakafunua vigogo vya migomba ambako fukusi hujificha, wakawakuta wamelala chali, miguu juu, hawatikisiki. Wote wakahakikisha: wamekufa. Leokadia naye akahakikisha, tena juu ya jiwe, mbele ya umma, kwa ule ulimi wake mtamu. Sasa Ijumaa baraza lingepiga kura kila shamba la Rindima limwagiwe chumvi. Na ardhi ikishakunywa chumvi, nyie wenyewe mnajua, hata nyasi zinakuaga.

"Chumvi inaua fukusi?" akauliza Mwajabu. "Tangu lini?"

"Nimewaona kwa macho yangu."

Kesho yake asubuhi Mwajabu alishika njia ya kushoto, njia ya makimya, akaenda kwenye shamba la majaribio peke yake. Hakuna aliyemuuliza. Huo ndio uzuri pekee wa kuwa kimya Rindima, unapita popote kama upepo. Migomba ilikuwa imeanza kuwa ya njano pembezoni mwa majani. Akachuchumaa, akafunua kigogo taratibu kama alivyofanya nyumbani mara elfu.

Walikuwa wanatembea! Fukusi ishirini na wawili, wazima, wanene, wanapishana kama watu sokoni.

Akafikiri. Kisha akapiga makofi mara moja. Wote ishirini na wawili wakakunja miguu wakaanguka chali.

Mwajabu alicheka mpaka akakaa chini. Wasomi wote wale na njuga zao, mtikisiko wa ardhi hatua hamsini kabla hawajafika, na fukusi, mdudu anayejifanya maiti akishtuka, jambo ambalo lipo ukurasa wa tatu wa ripoti yake, wa tatu! Hawakuwa wameona fukusi anayetembea kwa miaka, wala hawakujua kwamba hawajaona. Na nisiwafiche: furaha aliyoipata pale haikuwa ya sayansi. Alikuwa anaona lile joho linavuliwa. Alikuwa anasikia njuga zinadondoka moja moja, elfu nne na sitini na tatu.

Akakimbia mpaka kwa Mpima Mlio. "Kaka, chumvi haiui fukusi! Wanajifanya!"

Yule bwana akageuza sikio dogo. "Sijasikia."

"Nimesema—"

"Dada, hata nikisikia siandiki. Kitabu hakiruhusu." Na kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya: "Mtafute anayelia, akusemee."

Anayelia. Na ni mmoja tu aliyemjua.

Basi akarudi akamchukua Leokadia, akampeleka shambani, njuga zinapiga kelele njia nzima. Walipofunua kigogo, fukusi wote chali.

"Si unaona?" akasema Leokadia. "Maiti."

"Simama. Usitikisike."

"Mwaja—"

"Usipumue kwa kifua. Pumua kwa pua."

Wakasimama. Mwajabu hakuwahi kumwona rafiki yake ametulia kiasi kile tangu mtihani wa mwisho. Njuga zikaacha kulia, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho. Muda ukapita. Kisha fukusi mmoja akanyoosha mguu. Akajigeuza. Akaondoka zake.

"Niliwaambia watu wamekufa," Leokadia akasema kwa sauti ndogo. "Niliwaambia mimi."

"Uliwaambia. Kesho ni Ijumaa."

"Ningelivua tu hili joho... hapana. Kulivua nje ya nyumba ni kuwa kimya palepale. Na msomi akisema alikosea, kila aliyemfungia njuga ana haki ya kuja kuifungua." Akamtazama Mwajabu. "Unafurahi."

"Sifurahi."

"Mwaja, nimelala na wewe chumba kimoja miaka minne."

Mwajabu akatazama migomba ile ya njano. "Nafurahi kidogo," akasema. "Utasema?"

"Ungekuwa wewe, ungesema?"

Na hapo Mwajabu, ambaye ana jibu la kila kitu chenye miguu sita, alijaribu kujiona na joho lile, na watu wakisimama akipita, kisha anapanda jiwe kulitupa. Hakuweza kujiona akipanda.

Ijumaa uwanja ulifurika. Ngurumo alikuja na mkokoteni. Wajumbe wa baraza walijadili kwanza nani aanze kusema, wakarukaruka saa nzima mpaka mmoja akateguka, na ikaamuliwa kwamba Ngurumo amekwisha shinda kwa mlio, kwa hiyo hoja yake imeshathibitishwa na kilichobaki ni kura. Ndipo Leokadia akapanda jiwe.

Mchanga ukaanza.

"Nilisema chumvi inaua fukusi," akasema. "Nilikosea. Wanatusikia tukija, wanajifanya wamekufa. Wako hai. Kinachokufa ni ardhi."

Akanyamaza na mchanga bado upo, jambo ambalo halijawahi kutokea Rindima.

Mtu wa kwanza akaja akafungua njuga yake. Halafu wa pili. Halafu foleni. Hakuna aliyetukana, walizifungua tu na kuzitia mfukoni, na ile sauti ya njuga zikitoka ilikuwa mbaya kuliko maganda. Mwajabu aliingoja furaha yake. Alikuwa ameiagiza tangu jana. Ikafika kidogo, ikaangalia, ikaondoka. Kilichobaki ni wivu mpya kabisa, wa aina asiyoijua. Aliona wivu kwamba yule amethubutu.

Ngurumo naye akadakia kutoka kwenye mkokoteni: "Huyo mdogo mlio wake unapungua, msimsikilize!"

"Funga mdomo, baba, tunaongea watu wa migomba," ikasema sauti kutoka nyuma. Alikuwa Bi Tungwa, mkulima, mama wa makamo na jembe begani. "Wewe binti. Chumvi tumeiacha. Tufanye nini sasa? Migomba yangu inaanguka."

Leokadia hakujua. Mwaka mmoja wa shambani haukutosha kujua. Akatazama chini kwenye umati, upande wa kushoto, wanakosimama makimya.

"Yule pale anajua," akasema.

"Ni kimya," akasema Mpima Mlio. "Akisema siandiki."

Leokadia akashuka. Mbele ya watu wote, mchana kweupe, akafungua vifungo vya joho, akalivua, akamvika Mwajabu. Uwanja ukaguna. Mpima Mlio akapekua kitabu chake mbele, akapekua nyuma, akafikia ukurasa wa mwisho. "Inasemwa lazima alie," akasema hatimaye. "Haikusemwa njuga ziwe za nani. Dada, ruka."

Mwajabu akaruka. Njuga elfu moja na zaidi zilizobaki zikalia, na nyie, utamu ule! Ulimpanda kutoka magotini. Alipanda jiwe akaona nyuso zote zimemgeukia yeye, na mchanga ukaanza kumwagika, na akasema:

"Mimi ni Mwajabu. Nimefanya utafiti miaka mitatu. Katika ripoti yangu ya kurasa mia na kumi, ambayo kwa bahati mbaya haikusambazwa inavyostahili, sura ya kwanza inaeleza—"

Mchanga ulikuwa nusu. Bi Tungwa alikuwa amekaza macho, midomo ikijiandaa kurudia kila neno asije akalisahau akifika nyumbani. Na neno lenyewe lilikuwa halijaja.

"Menya chipukizi kabla hujalipanda," akasema Mwajabu haraka. "Kata sehemu zote zilizotobolewa. Tumbukiza kwenye maji yanayochemka. Hesabu mpaka thelathini. Toa. Panda."

Mchanga ukaisha.

Bi Tungwa akadakia: "Thelathini ya haraka au ya polepole?"

Na Mwajabu, miaka mitatu na kurasa mia na kumi, hakuwahi kufikiria kwamba thelathini ina haraka na polepole. "Ya polepole," akasema. "Kama unavyohesabu watoto wakiingia ndani."

"Na nikizidisha?"

"Utalipika."

Watu wakacheka. Mwingine akauliza kuhusu sufuria, mwingine kuhusu kuni, na mzee mmoja akasema kwake yeye fukusi hawali mgomba mmoja fulani uliopo karibu na zizi, kwa nini? Mwajabu akasema sijui, akachomoa karatasi akaandika. Sheria haikuwa na mchanga kwa maswali, hakuna aliyewahi kuuliza. Alishuka mchana, koo limekauka. Kura ya chumvi haikupigwa, maana wapiga kura walikuwa wamekwisha kwenda kutafuta kuni.

Njuga alizofungiwa yeye, za kwake mwenyewe, zilikuwa tisa. Alizihesabu mara mbili. Kisha akahesabu zile za Leokadia zilizobaki kwenye joho, akaona bado Leokadia anamshinda hata akiwa hana joho, akanuna.

"Leo yuko wapi?" akamuuliza Bi Tungwa.

"Yule mwenzio? Kaelekea shambani muda mrefu."

Walimkuta kati ya migomba, amepiga magoti, bila joho, na gauni lake la ndani la kitenge. Kigogo kilikuwa wazi mbele yake. Mwajabu alipiga hatua moja na joho likalia, na Leokadia, bila kugeuka, akainua mkono juu.

"Shhh. Wanatembea. Mwaja, nilikuwa nimesahau wanavyotembea."

"Wangapi?"

"Subiri, nahesabu."

Mwajabu akasimama ukingoni. Hatua nyingine na wote watakuwa chali. Toka walipokuwa wanafunzi hakuna mtu aliyewahi kumhesabia fukusi. Aliona mgongo wa rafiki yake umeinama, kidole kinafuata mmoja mmoja bila kugusa, na wivu ukamkaba kuliko ule wa uwanjani, kuliko ule wa barua, kuliko wote.

Akaanza kufungua vifungo.

"Ukilivua hapa nje umerudi kimya," akamwonya Bi Tungwa.

"Najua. Unalitaka?"

Bi Tungwa akaweka jembe chini. "Nikilivaa, wale wa kijiji cha chini watanisikiliza? Hawajawahi kunisikiliza."

"Ruka uone."

Bi Tungwa hakuruka pale, kwa heshima ya wadudu. Alilibeba limekunjwa mpaka barabarani, na ndipo walipomsikia akiondoka upande wa kulia wa njia, njuga zikilia, akihesabu kwa sauti mpaka thelathini, polepole.

Mwajabu akavua na kandambili. Akaingia kwa vidole vya miguu, akachuchumaa ubavuni mwa Leokadia, wakainama vichwa vikikaribia kugusana.

"Kumi na tisa," akanong'ona Leokadia.

"Ishirini. Kuna mmoja chini ya ganda hapo."

"Huyo nimeshamhesabu."

"Hukumhesabu, umemtazama tu."

"Mwaja, huyo wangu."

"Nimemwona mimi kwanza."